Kikohozi cha Mzee Chirau

Mejumaa aliletwa kuwa meneja wa kiwanda cha barafu huko Liwatoni, akaambiwa kabisa na wenye kiwanda: samaki wa wavuvi wakizidi kuoza kwa kukosa barafu, mwezi huu twafunga. Asubuhi ya kwanza akawauliza wafanyakazi mtambo wa barafu una kasoro gani. Wakageuza macho kwenye kiti kitupu cha marehemu Chirau, meneja wa zamani.

“Twangoja akohoe, mama,” mmoja wao, Odera, akanong'ona. “Hatusemi kabla yake.”

“Mwaka wa pili yuko kaburini. Leo atachelewa.”

Akakikalia kiti. Kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Koo likamwasha, akakohoa kikohozi kizito cha kiume.

Wote wakasimama. “Mtambo ni mzima, bwana,” wakasema.

Mejumaa alitaka kuwakatalia, ila kinywa chake kikasema, “Vyema. Rudini kazini.”

Mwezi haukwisha, kiwanda kikafungwa. Kile kiti kingali na joto.