Kadi ya Nyuso Sita

Katika idara nzima ya dharura ya watoto, chumba ambacho husikii mtoto akilia kilikuwa kimoja tu, namba tatu, nacho ndicho cha kufungia vidonda. Humo ndimo mtoto anabanduliwa bandeji iliyogandana na nyama, humo ndimo mkono uliovunjika unanyooshwa, na bado waliokaa kwenye benchi la nje walisikia tu maji yakimiminwa kwenye beseni. Mwenye chumba alikuwa nesi mnene mwenye mikono myepesi, ambaye wenzake walimpa jina la Bi Kimya. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa na maneno yake ya mlangoni. Kila mtoto aliyeingia alishikwa kidevu na kuambiwa, "Kwangu hapa mtoto jasiri hachomwi sindano." Aliyasema akitabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli, maana alikuwa mtu wa watoto hasa. Miaka thelathini na mmoja aliyasema. Manesi vijana walipojaribu kumwiga na watoto wakawaangulia kilio vilevile, aliwacheka. "Mnadhani ni maneno? Ni mkono huu."

Kisha akaja daktari mtafiti, dada mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni na haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Alitaka kujua jambo moja. Je, yale matone ya puani, dawa kali ya maumivu iliyoanza kuletwa juzijuzi, yanamsaidia mtoto anayefungwa kidonda kuliko dawa ya maji ya kawaida? Basi wiki moja watoto walipewa matone, wiki inayofuata dawa ya maji. Na kwa kuwa maumivu hayapimwi kwa rula, alileta kadi yenye nyuso sita. Wa kwanza unacheka, wa sita unabubujikwa na machozi. Mtoto anaonyesha kwa kidole uso unaofanana na anavyojisikia, nesi anaandika namba. Akionyesha wa nne kwenda juu, anaongezewa dawa kwa sindano ya paja. Idara ikambatiza Daktari Nyuso, naye akalipokea jina bila kinyongo.

Ikapita miezi minane na watoto mia mbili na kumi. Wiki ya matone, wiki ya dawa ya maji, karibu wote waliofungwa vidonda na Bi Kimya walionyesha uso wa kwanza au wa pili. Tofauti haikuonekana. Daktari mkuu wa hospitali alipoziona namba hizo alifurahi. Matone yalikuwa haba, na kama watoto wanastahimili bila hayo, basi yahamie kwa watu wazima, chumba cha upasuaji. Kikao cha kuamua kiliwekwa Alhamisi saa nane mchana. Bi Kimya alialikwa akapongezwe na kupewa cheti, kwa kuwa nesi mwenye chumba kama kile hakupatikana kwingine, na alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu. Alhamisi hiyo alikuja kazini na viatu vipya, ambavyo vilimbana tangu getini.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa msichana wa miaka saba aliyemwagikiwa maji ya moto pajani. Ilikuwa mara yake ya nne kurudi. Wiki hiyo ilikuwa ya dawa ya maji, na alikuwa ameshainywa, amekaa benchini na mama yake akisubiri ifanye kazi. Bi Kimya alipofungua mlango amwite, alimkuta anaongea na mtoto mgeni wa kama miaka mitano, aliyeukumbatia mkono wake uliovimba.

"Watakupa kadi," msichana alikuwa anamwelekeza, kwa sauti ya mwalimu. "Usionyeshe wanaolia. Ukionyesha wanaolia unachomwa. Onyesha huyu wa mwanzo, anayecheka."

"Na ikiuma?"

"Inauma. Unang'ata nguo."

Bi Kimya alibaki ameshika kitasa. Mama wa msichana, ambaye hakusikia mazungumzo hayo, alinyanyuka akicheka kidogo. "Nesi, huyu atanimalizia nguo. Kila gauni kalitafuna kola. Namkanya, wapi."

Bi Kimya akaitazama kola. Ilikuwa imetafunwa hadi ikawa nyuzi.

Ndani alifanya kama kawaida yake, lakini macho hayakukubali kuwa ya kawaida. Shashi ilikuwa imeshika kwenye kidonda. Alipoivuta, msichana hakutoa hata mguno. Vidole vya miguu vilijikunja kama vya ndege kwenye tawi, jasho likamtoka juu ya mdomo, na kola ikaingia kinywani. Kadi ilipoletwa, kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye uso unaocheka. Watoto mia mbili na kumi Bi Kimya alikuwa ametazama kidole. Leo alitazama uso wenyewe. Aliacha kuvuta, akailowesha shashi upya, akasubiri ilainike.

"Nani alikufundisha kuonyesha huyu?"

Msichana alimtazama mama yake, kisha nesi, kama aliyeulizwa swali la mtego. "Si wewe? Siku ile ya kwanza. Ulisema jasiri hachomwi."

Mama akacheka tena. Nesi hakuweza.

Walipotoka, alinawa mikono mara tatu bila sababu. Aliona haya, haya ya mtu mzima, ambayo ni mbaya kuliko ya mtoto kwa sababu mtu mzima hana wa kumkimbilia. Hakuwahi kumpiga mtoto wala kumfokea. Alichokifanya ni kuwapa sharti mlangoni, wakalishika. Utafiti ulipokuja na kadi, sharti likawa rahisi zaidi: huhitaji hata kuvumilia, elekeza kidole tu panapotakiwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, naye alikivaa kimya hicho kama jina miaka yote asijiulize mshindo wake utasikika wapi. Sasa alijua. Ungesikika saa nane mchana, matone yakihamishwa.

Angeweza kunyamaza. Watoto hawaitwi kwenye vikao. Miezi mitatu ni michache, cheti kingening'inizwa sebuleni, wajukuu wangekuja kukitazama. Alisimama na wazo hilo kitambo, na si vizuri kusema kwamba alilifukuza mara moja, maana hakulifukuza. Alivua viatu vipya, akavaa vya zamani vilivyokuwa kabatini, ndipo akaenda kugonga kwa Daktari Nyuso.

"Mwanangu, zile namba zangu si za kweli."

Daktari alikuwa anapanga karatasi za kikao. "Zipi, Mama?"

"Zote. Watoto wanaumia. Wanaonyesha anayecheka ili wasichomwe."

"Umejuaje?"

"Nimewafundisha mimi."

Alimweleza yote, kuanzia maneno ya mlangoni mpaka kola. Daktari alisikiliza, kalamu ikizunguka vidoleni, halafu ikaacha kuzunguka.

"Uliwaambia wangapi?"

"Usiniulize wangapi. Niulize nani sikumwambia."

Daktari alifunika uso kwa viganja. "Na mimi ndiye niliyeandika sindano kwenye utaratibu," alisema. "Mtoto akisema anaumia, mchome. Nimekaa na karatasi hii miezi minane, sikuliona hilo."

"Tugawane basi, lakini langu ni kubwa. Wewe una miezi minane. Mimi nina miaka thelathini na mmoja."

Kwenye kikao cheti kilikuwa mezani, kwenye fremu. Daktari mkuu alianza kwa sifa, Bi Kimya akamkatiza kabla sifa hazijanoga. Alisema aliyomwambia Daktari Nyuso, kwa maneno yaleyale, bila kujipunguzia.

"Kwa hiyo," daktari mkuu alisema, "wale watoto waliokuwa hawalii chumbani kwako..."

"Walikuwa wanaumia kimya, daktari. Sifa mlizonipa ni za kuwaziba midomo."

Hakuna aliyempigia makofi, na hakustahili. Iliamuliwa matone yabaki idara ya watoto mpaka utafiti urudiwe upya. Fomu mia mbili na kumi zikafungwa kwenye boksi. Sindano ikafutwa kwenye utaratibu, na kwenye fomu mpya ikaongezwa nafasi ya nesi kuandika anachokiona kwa macho yake, si kidole tu. Bi Kimya alipewa barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Cheti hakikutajwa tena. Alipotoka alikiona mtu amekilaza kifudifudi.

Jumatatu msichana alirudi. Bi Kimya hakumshika kidevu. Alisema karibu tu, na neno hilo moja likamtoka kwa shida, kama mtu anayejifunza kazi upya. Chupa ya matone ilikuwa tayari mezani. Lakini utaratibu mpya ulitaka kadi kwanza, kabla ya dawa, basi alipiga magoti sakafuni wakawa sawa kwa urefu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Yale maneno yangu yalikuwa mabaya. Leo hakuna sindano. Ukionyesha huyu wa mwisho, hakuna sindano. Ukilia, hakuna sindano. Unanisikia?"

Msichana akatikisa kichwa kukubali.

Bi Kimya akapindua mifuko ya sare yake nje, mmoja baada ya mwingine. Zikaanguka kalamu, mkasi butu, leso na peremende. Msichana alivitazama. Akatazama trei. Akainama, akachungulia nyuma ya mgongo wa nesi. Alipomaliza ukaguzi wake, alipewa kadi.

"Nionyeshe, sasa hivi, paja linaumaje?"

Kidole kilianzia upande wa machozi. Kilifika uso wa tano, kikatua hapo. Kwenye chumba cha jirani, trei ya chuma, kama ile ya sindano, ikagonga meza. Kidole kikakimbia nyuso zote kikarudi kwenye ule unaocheka, na mkono wa pili ukapeleka kola mdomoni. Lilikuwa gauni jipya.

Nesi hakumbishia. Alimpa matone, akavuta kiti, akakaa naye kungoja yafanye kazi. Kwenye fomu aliandika namba aliyoonyeshwa. Kisha, katika nafasi ile ya alichokiona kwa macho yake, akaandika, "Si kweli. Anaumia sana. Ananiogopa mimi."