Ngozi za Arlène

Wiki ile ya Septemba 2019 nilifunga duka, kwa sababu mtaani Jeppestown walikuwa wanachoma maduka ya wageni, na kutoka Jeppestown mpaka kwangu Doornfontein mtu anatembea na sigara yake haijaisha. Mimi ni fundi viatu. Nashona viatu vya wanafunzi wa chuo, mabuti ya walinzi, mikoba ya akina mama. Nilishusha shata ya chuma mlangoni, nikatia kufuli, nikakaa nyumbani ghorofani nikitazama ukuta. Mke wangu Clémentine alikuwa kanisani amefunga maombi makavu, bila chakula wala maji, kwa ajili ya mtoto.

Mtoto ni Arlène, binti yetu, miaka kumi na saba. Jumamosi alikuwa na mchujo wa mwisho wa timu ya taifa ya jimnastiki ya wanawake. Wangechaguliwa watano wa kwenda Ujerumani kwenye mashindano ya dunia, na mmoja wa akiba. Arlène amezaliwa hapa na pasipoti yake ni ya hapa. Waliokuwa wananitafuta mimi barabarani na waliotaka yeye avae bendera yao ni watu wa nchi moja. Sikuona faida ya kulifikiria sana jambo hilo. Nilitaka aende tu. Tangu ana miaka sita anaanguka na kuinuka kwenye ukumbi wa mazoezi, na mimi sijawahi kutaka kitu kingine chochote kama nilivyotaka hicho.

Ijumaa alasiri alikuwa amelala. Begi lake lilikuwa wazi sebuleni, na mimi mikono yangu haina kazi. Nikaona ngozi zake za mikono.

Ni kitu kidogo. Kipande cha ngozi kinafunika kiganja, juu kina matundu ya vidole, chini kina mkanda wa kufunga. Msichana anavaa moja kila mkono, ndipo anakamata vile vyuma viwili, cha chini na cha juu, anazunguka kama feni. Zile za Arlène zilikuwa zimekauka, zina nyufa, zimejaa unga mweupe. Kwangu kiatu kikija katika hali ile namgombeza mwenyewe. Nilizifuta unga wote, nikachukua kopo langu la mafuta mazito ya ngozi, nikapaka, nikaziacha zinywe, nikapaka tena. Zikalainika. Zikarudisha rangi yake ya kahawia. Nikazirudisha kwenye begi bila kusema neno, nikijua kesho atafurahi.

Jumamosi mlangoni pa ukumbi alikuwa Thabo, mlinzi. Baba yake alikuwa mkimbizi wa siasa zamani zile za makaburu, akaoa Tanzania, kwa hiyo Thabo amekulia Morogoro na Kiswahili chake kinanicheka.

"Papa Arlène! Suti? Unaruka wewe leo?"

"Niruke mimi mutajenga ukumbi mupya."

"Huo 'mupya' wenu, Wakongo, utaniua," akasema, akanifungulia.

Nilikaa kwenye mabenchi ya wazazi. Wasichana wakaanza kupasha mwili. Arlène alijipaka unga mikononi, akarukia chuma cha chini, akayumba, akarukia cha juu. Mikono ikateleza kama amekamata sabuni. Akaanguka chali kwenye godoro.

Hakulia. Alikaa, akatazama viganja vyake, akavinusa. Kisha akainua uso akanitazama moja kwa moja kati ya watu wote wale.

Alipanda mabenchi mpaka kwangu. Anakisikia Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Papa, umefanya nini?"

"Nilizitengeneza. Zilikuwa zimekauka."

"Zinatakiwa zikauke! Ukavu ndio unaoshika!"

"Uko na zingine?"

"Mpya. Ngumu kama ubao. Ukivaa mpya siku ya mashindano unajiua. Papa, nimezizoesha mwaka mzima hizi."

Kocha akafika. Mama Moloi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kontrakta. Alizishika zile ngozi kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Nani alikwambia uguse vifaa vyangu, mzee?"

"Hakuna."

"Wenzake mikono yao ni midogo, hakuna wa kumwazima. Wanaanza na boriti, kisha sakafu, kisha meza ya kurukia. Vyuma ni vya mwisho. Ukiwa na dawa yake, nenda kailete. Ukiwa huna, kaa kimya."

Nilizichukua nikaenda mlangoni mbio.

"Wapi?" Thabo akauliza.

"Dukani."

"Kule chini wanachoma matairi."

"Nimeona moshi."

Alinitazama na suti yangu. Akavua koti lake la ulinzi. "Vaa hili. Na wakikusemesha Kizulu?"

"Nitakohoa."

"Kohoa vizuri basi."

Barabara ilikuwa tupu kama siku ya mazishi ya mkubwa. Robot, taa za njia panda, zilikuwa zinawaka nyekundu na kijani bila gari la kuzitii. Kwenye kona walisimama vijana, wengine na fimbo, mmoja amebeba televisheni kichwani. Mwenye fimbo akaniuliza kitu. Nikakohoa. Nikainama, nikashika kifua, nikakohoa mpaka machozi yakatoka, na sehemu kubwa haikuwa maigizo. Alirudi nyuma akaziba pua na fulana yake. Nikapita.

Nilipandisha shata mpaka magotini nikaingia kwa tumbo. Nilifanya yote ninayoyajua. Nilisugua ngozi kwa spiriti na brashi. Nikaziweka katikati ya magazeti, nikapitisha pasi ya moto. Gazeti likanywa mafuta, likawa na doa kama umemwagia supu. Nikabadilisha gazeti, nikapiga pasi tena, doa likapungua. Nikabadilisha tena. Nje nilisikia kioo kinavunjika, halafu watu wakishangilia. Nikapiga msasa juu ya ngozi mpaka ikasimama vinyweleo. Gazeti la mwisho nililiinua kwenye mwanga wa shata. Palikuwa na kivuli bado. Kivuli kidogo, cha umbo la kiganja cha mwanangu.

Muda wa kupiga pasi tena haukuwepo. Nilitoka mbio, na shata niliishusha bila kufunga kufuli. Jioni nilikuta wamenifagilia duka, hata soli chakavu hawakuniachia. Hiyo ni habari nyingine.

Nilifika wakati wanamaliza meza ya kurukia. Thabo alikuwa amefuata alama zote kwenye ubao.

"Wanne wa kwanza wameshajulikana," akaninong'oneza. "Wa tano ni yeye au yule mwenzake Boitumelo. Vyuma ndivyo vitakavyoamua."

Arlène alizipokea ngozi. Akazigusa, akazinusa, akazipaka unga. Unga ulishika. Nilimwona mabega yakishuka, anapumua. Hata Mama Moloi alipitisha kidole akatikisa kichwa kukubali. Zilionekana safi. Mtu yeyote angesema ni safi.

Ndipo Arlène akaniuliza kwa Kiswahili, chetu cha Bukavu, ambacho sikumbuki ni lini mara ya mwisho alikitumia nami:

"Papa, mafuta imetoka yote?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Angepanda na moyo mkubwa, na moyo ni nusu ya mchezo ule, nimeona miaka yote. Na huenda ngozi ingemvumilia. Kwa nini isimvumilie? Lakini nilikuwa nimeona kivuli kwenye gazeti, na nilikuwa natazama chuma cha juu, kilivyo juu.

"Ya juu imetoka," nikasema. "Ya ndani iko. Mukono ikipata moto, itapanda."

"Kisha?"

"Pengine itakuacha umalize. Pengine itakuachia kule juu. Sijue, mama."

Nilimwita mama kama tunavyowaita mabinti zetu, na nikaona midomo yake inacheza. Mama Moloi akataka kuelezwa. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu.

"Basi anajitoa kwenye vyuma," akasema.

"Sijitoi," Arlène akasema. Alikuwa anavua zile ngozi. Akaniwekea mkononi. "Naenda na mikono mitupu."

"Toa ule mruko wa kuachia chuma, basi. Utachana viganja."

"Nikiutoa, Boitumelo amenipita. Hesabu mwenyewe, kocha."

Mama Moloi hakuhesabu. Aligeuka akatazama pembeni, na mimi nikajua jibu.

Mikono mitupu juu ya chuma ina sauti yake. Inalia, kama mtu anayefuta dirisha kwa kitambaa kikavu. Alizunguka, akazunguka, miguu imenyooka, akaachia chuma cha juu akapita juu yake mwili mzima hewani, na sikuwa nikipumua. Akakidaka. Kofi lake lilisikika mpaka mlangoni, na Thabo akapiga kelele. Nilishika benchi. Nikasema moyoni, imekwisha, anakwenda.

Ilikuwa kwenye mzunguko uliofuata. Ngozi ya kiganja cha kushoto ilitoka. Sikuiona ikitoka, niliuona mwili wake ukishtuka, ukapoteza mwendo, ukaning'inia. Alibaki ananing'inia pale kama nguo. Kisha akajivuta, akayumba tena bure, yumbo ambalo majaji wanalikatia alama, akazunguka, akaruka, akatua. Hakusogeza mguu. Alisimama wima akainua mikono juu kuwasalimu majaji, na damu ikamteremkia mpaka kwenye viwiko.

Walisoma majina. Wa tano alikuwa Boitumelo. Akiba, Arlène.

Akiba hasafiri. Akiba anakuja mazoezini kila siku, anapasha mwili na wenzake, anapimiwa nguo ya taifa, na nguo inabaki kabatini. Anapanda ndege pale tu mmoja wa wale watano anapoumia.

Usiku ule Clémentine alifungua mfungo kwa chai ya maziwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Mungu amejibu nini?" akaniuliza.

"Amesema tungoje."

"Tungoje nini?"

Akarudisha kikombe mezani hajakimaliza.

Wiki mbili zilizofuata nilimsindikiza Arlène ukumbini kila siku. Duka halikuwa na kitu, ningefanya nini? Yeye alikuwa na bandeji mikono yote, kwa hiyo alikimbia tu, akaruka juu ya boriti bila kuishika, akawashikia wenzake magodoro. Nami nilikaa kwenye benchi. Niliwajua wale watano kwa miguu yao. Nilijua nani kifundo chake kimefungwa plasta, nani anashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, nani anatia barafu gotini na kulificha kwa taulo. Nilikuwa najiambia natazama mazoezi.

Boitumelo alikuwa mtoto wa heshima. Kila siku alipita mbele yangu akainamisha kichwa, akanisalimu kwa lugha yake kama baba: "Dumela, ntate." Nami namjibu, na macho yangu yako kwenye magoti yake.

Alhamisi ya mwisho kabla ya safari alikimbia, akaruka kwenye meza, akageuka hewani, na akatua vibaya. Nilisikia goti likialika. Alianguka ubavu, amejikunja, amekamata goti kwa mikono miwili. Mama Moloi alidondosha filimbi.

Mimi nilikuwa nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Ngumi zangu zilikuwa zimekazwa, na kifuani kilikuwa kimepanda kitu ambacho sina jina lake jingine isipokuwa furaha.

Arlène ndiye aliyefika kwake kwanza. Alipiga magoti, akamshika mguu, akaukunja polepole na kuunyoosha. Boitumelo akavuta pumzi. Akajaribu kusimama, akasimama. Akakanyaga. Akarukaruka kidogo, akacheka kile kicheko cha mtu aliyenusurika, na wenzake wakaanza kumpigia makofi.

Nilikaa chini. Ndipo nilipomwona Arlène. Alikuwa bado amepiga magoti kwenye godoro, na hakuwa anatazama goti la mwenzake. Alikuwa ananitazama mimi, na kwa sura yake nilijua ameanza kunitazama zamani, tangu niliposimama.

Hakuja kwangu. Alichukua ngozi za mikono za Boitumelo, akakaa nazo sakafuni, akawa anazisugua kwa brashi ya waya kwa ile mikono yenye bandeji, kuzikausha, kuzifanya zishike.

Tukiwa tunarudi nyumbani, robot ikatusimamisha na nyekundu. Akasema bila kugeuka:

"Papa, kesho usikuye."

Kesho yake sikwenda. Nilikaa kwenye kiti karibu na dirisha tangu walipoanza mazoezi mpaka walipomaliza, simu mkononi, sauti nimeipandisha yote, nikingoja iite.