Kigari Nje ya Mkahawa

Kama una mtoto wa kunyonya na umealikwa kutembea mji wa watu, soma habari hii ya Sidsel mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Sidsel na mumewe Troels walitoka Lemvig, mji mdogo wa Denmark ambako upepo wa bahari haupumziki, wakaenda Paris. Ilikuwa ndiyo safari yao ya harusi, iliyoahirishwa kwanza kwa ajili ya kazi, kisha kwa ajili ya mimba. Sasa Asger alikuwa na miezi mitano, na Troels akasema wasipoenda sasa hawataenda tena. Mama yake Sidsel, Bodil, alipowasindikiza stesheni alimshika binti yake mkono, akamwambia huko si Lemvig, mtoto asimtoke machoni. Sidsel akacheka. Troels akacheka zaidi.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa njema, hilo lazima lisemwe. Walikula mikate ya siagi kitandani hadi shuka zikajaa makombo, wakatoka wakasukuma kigari kando ya mto. Baridi ilikuwa ile ya kuuma kidogo ambayo kwao huhesabiwa kuwa dawa ya mtoto. Walipoufikia Mnara wa Eiffel, Troels, ambaye kazi yake ni kutengeneza mitambo ya upepo, alimnyanyua mwanawe akamwambia baba yako hupanda minara mirefu kuliko huu kila siku. Sidsel akamwambia asianze kumdanganya mtoto angali mdogo. Wakapigwa picha watatu, wote wamefumba macho kwa upepo.

Mchana njaa ikawabana. Asger alikuwa amelala kwenye kigari, amefunikwa blanketi la sufu alilofuma bibi yake, na mbele yao palikuwa na mkahawa mdogo uliojaa harufu ya supu ya vitunguu.

Kwao mtoto mchanga hulala nje. Theluji ianguke, isianguke, hufunikwa vizuri akaachwa uani, na mama akienda kunywa kahawa na wenzake huegesha kigari ukutani pamoja na vingine. Mpita njia akisikia mtoto analia hukitikisa kigari kidogo, akaenda zake. Sidsel mwenyewe alifanya kazi chekechea, na kila mchana ndiye aliyepanga vigari vya watoto uani. Kwa hiyo Troels alipokiegesha kigari chini ya dirisha la mkahawa na kukanyaga breki, hakufanya jambo geni. Lakini Sidsel alisimama. Alitazama watu wanavyopishana, akatazama kama kuna kigari kingine hata kimoja. Hakikuwapo. Akasema waingie nacho.

"Kumbe nimesafiri na mama mkwe," alisema Troels. "Mke wangu nimemwacha nyumbani."

"Usinitanie, Troels. Hapa hatujui mtu."

"Tutakaa dirishani. Utamwona kila ukiinua kijiko."

Wakakaa dirishani. Na kweli alimwona, kwa muda. Supu ilipoletwa, mvuke wa vyakula na pumzi za watu ulikuwa umeanza kukifunika kioo. Sidsel akakifuta kwa kitambaa cha meza. Kikafunikwa tena, akafuta tena. Troels akamwambia atamaliza kusafisha mkahawa wa watu bila mshahara, akamshika ule mkono wenye kitambaa, akauweka mezani juu ya wake. Ilikuwa siku nyingi Sidsel hajala chakula cha moto. Akaacha kufuta.

Katikati ya mlo mama mmoja aliyevaa koti la kijani alisukuma mlango, akasema jambo kwa Kifaransa kwa sauti kubwa, akiwatazama watu meza kwa meza. Wengine wakatikisa vichwa. Troels, ambaye Kifaransa hakijui hata cha kuombea maji, alitabasamu, akatikisa kichwa kama wenzake. Yule mama akatoka. Sidsel akarudi kwenye supu yake.

Walipotoka, chini ya dirisha hapakuwa na kitu.

Sidsel hakupiga kelele. Alizunguka pembe ya jengo, akarudi, akainama akatazama hata chini ya gari lililoegeshwa, kana kwamba kigari kinaweza kuingia huko. Muuza maua wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyewaeleza kwa Kiingereza cha kuungaunga na mikono. Mtoto alilia. Mama wa koti la kijani alitafuta wazazi wake, akauliza hadi mkahawani, wote wakasema si wao. Akawaita polisi, wakamchukua mtoto pamoja na kigari chake.

Kituoni waliambiwa mtoto ni mzima lakini amepelekwa hospitali kupimwa, na hawatamwona mpaka wahojiwe. Wakakalishwa kwenye benchi. Saa ya kunyonya ikafika, maziwa yakamchuruzika Sidsel, yakalowesha blauzi mpaka akalazimika kukunja mikono kifuani mbele za watu. Baadaye askari mmoja, mwanamke, akawaita ndani akawauliza kwa Kiingereza ni nani aliyemwacha mtoto barabarani.

Troels alikohoa. "Mambo ya mtoto ni ya mke wangu," alisema. "Hata kazi yake ni kulea watoto."

Sidsel akamgeukia. Troels alikuwa akitazama viatu vyake, viatu vilevile vilivyokanyaga breki. Angeweza kusema. Lakini kila neno lingeongeza swali, na kila swali lingemchelewesha mwanawe.

"Ni mimi," alisema.

"Mama," askari akamwambia, "huyu si baiskeli."

Jioni wakaletewa Asger. Alikuwa amevishwa nguo za watu, ananuka sabuni ya watu, na amelala fofofo. Sidsel alipomweka kifuani alifungua jicho moja, akageuza uso. Alikwisha kushibishwa kwa chupa.

Hotelini Sidsel aliinamia sinki la bafuni akakamua maziwa yaliyomjaa kwa maumivu, akayaangalia yanavyozunguka tundu na kupotea. Simu yake ililia kitandani. Alikuwa Bodil. Aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza, kwa sababu mama angeijua sauti yake kwa neno la kwanza tu.

Troels alisimama dirishani. Mbali, juu ya mapaa, mnara ulikuwa umewashwa taa.

"Njoo uone," alisema kwa sauti ndogo. "Umewaka."

Sidsel alikisukuma kigari alimolala Asger, akakipitisha kati ya vitanda viwili vya hoteli, ambavyo asubuhi ile ile walikuwa wameviunganisha. Ilibidi avitenganishe ili kigari kiingie. Akakanyaga breki mwenyewe, akaijaribu kwa mkono, akalala kwenye kitanda cha ukutani bila kuvua viatu, vidole vyake ndani ya kigari.

"Sidsel," aliita Troels.

Alikuwa akihesabu pumzi za mtoto. Hakutaka kupotewa na hesabu.