Vyumba Sita vya Ukoo

Marangu nzima hakuna mwanamke anayejua mambo ya kodi kunishinda. Shule niliishia darasa la nne, na siku walipofundisha kugawanya nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, lakini ndiyo hivyo.

Mume wangu alipozikwa, shemeji yangu Wenseslaus alinihamishia kwenye banda la ng'ombe, eti nyumba yangu inahitaji marekebisho. Akaongeza vyumba vikawa sita, akatandika shuka nyeupe, akaanza kulaza Wazungu wanaopanda mlima. Siku mbili, wanalipa, wanaondoka. Mimi na ng'ombe tukazoeana. Nikanyamaza. Mimi nikinyamaza, uogope.

Novemba ya tisini na saba akaja Elimringi, kijana wa ushuru wa nyumba za wageni.

Wenseslaus akampokea kwa tabasamu la mzee wa kanisa. "Wageni gani, kijana wangu? Hii ni nyumba ya ukoo. Wanalala ndugu tu, bure. Muulize shemeji."

"Ni kweli," nikasema. "Yeyote wa ukoo ana kitanda humu."

Elimringi akaandika, Wenseslaus akatia sahihi, ushuru ukamwepuka. Jioni akaniletea kilo ya sukari. Nikaipokea, sukari haina kosa.

Kesho yake nikatuma salamu Dar, Arusha mpaka Tarakea: Krismasi msibanane, Wenseslaus ameujengea ukoo vyumba sita, na sahihi ameweka. Nanyi mnajua Krismasi kwetu: Mchagga hata awe wapi, atapanda kuja kuchinja kihambani, kwenye shamba la ukoo wao.

Walikuja thelathini na mmoja, na mbuzi wawili. Shangazi Justina alijitupa juu ya shuka nyeupe na viatu vyake vya matope. Sanduku langu nililirudisha chumbani kwangu, chini ya dirisha, mahali pake pa zamani. Elimringi naye nilimwalika aje anywe supu.

Tukiwa tunakunywa, gari likashusha Wajerumani wanane na mabegi yao. Wenseslaus akaruka. "Tokeni! Shangazi, toka! Vyumba vimelipiwa hivi, tangu Oktoba!"

Nikamwongezea Elimringi supu. "Kalamu umekuja nayo, mwanangu?"

Elimringi akaweka bakuli chini. "Mzee Wenseslaus, vimelipiwa na nani?"

Shemeji akawatazama Wajerumani, akamtazama shangazi.

"Hawa? Hawa ni ndugu," akasema. "Upande wa mama."