Walikokimbilia Sheshe

Septemba ya mwaka 1998, nyasi za bonde zilipokwisha kuungua, Aurelia alipata kazi ya kutafuta pembe. Mradi mmoja wa wanyamapori uliofungua ofisi Kibaoni ulitaka kujua ni sheshe wangapi, wale swala wa mabondeni, waliokufa kwenye mafuriko ya elnino mwanzoni mwa mwaka ule. Sheshe dume akifa, nyama huliwa na fisi na mifupa hutawanyika, lakini pembe hubaki. Zilitakiwa zipimwe, ziandikwe daftarini, ziachwe palepale.

Alipangwa pamoja na Sayi, Msukuma wa makamo aliyeingia bondeni na ng'ombe wake miaka michache nyuma. Sayi alitembea kama mtu anayesindikiza mgeni. Aurelia alikwenda kama anayefukuzwa. Alikata mbuga huku na huko, akageuka kabla hajafika alikokusudia, akachutama kando ya kila dimbwi lililokauka, akainuka tena. Wiki ya kwanza ilipokwisha, Sayi alikuwa na pembe thelathini na moja, yeye nne. Viktor, msimamizi wao, alimwambia kwa upole kwamba kazi ile ilitaka macho kuliko miguu.

Viktor hakujua kwamba Fidel, mume wa Aurelia, alitoka nyumbani kwao Mofu mwezi Februari kwenda kutazama nyavu zake, maji yakaongezeka siku ileile, asirudi. Wanaume wa kijiji walimtafuta kwa siku tisa, wakifuata mto kwenda chini mpaka Kivukoni. Waliuona mtumbwi wake tu, umepinduka. Mama mkwe wa Aurelia, Dorotea, alikataa kuweka matanga bila mwili. Tangu hapo Aurelia hakuweza kukaa. Akiketi kuchambua mchele, miguu ilimwasha. Kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango. Aliposikia kuna kazi ya kuzunguka mbugani kutwa nzima, aliiomba kabla hajamaliza kuelezwa.

Wiki ya pili Sayi alimwita kivulini.

"Mama Careen, wewe hutafuti pembe," alisema, akimwita kwa jina la bintiye.

Aurelia alimweleza yote, akiwa amesimama. Sayi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi pembe siitafuti chini," alisema. "Najiuliza kwanza, maji yalipokuja huyu mnyama alikimbilia wapi? Sheshe hakimbilii mto. Anakimbilia kwenye mwinuko, kwenye kichuguu. Anasimama pale mpaka njaa imuue."

Siku ile Aurelia aliacha kuchunguza madimbwi. Alifuata vichuguu, kimoja baada ya kingine, jua likiwa mgongoni kama Sayi alivyomwelekeza, akitafuta ule mkunjo wa pembe na pete zake na si rangi, kwa maana kwenye majivu kila kitu ni cheusi. Mpaka saa nane alikuwa ameandika pembe kumi na mbili. Ajabu ni kwamba zile pembe hazikumtuliza hata kidogo. Kila kichuguu alichopanda kilimwuliza swali lilelile: Fidel alikuwa mtu wa kukimbilia wapi?

Fidel hakujua kuogelea vizuri. Mtumbwi ulipopinduka, asingeuandama mto. Angekwenda pale alipoona ardhi.

Usingizi haukumjia usiku ule. Asubuhi alimwambia Sayi kwamba wangeanzia upande wa juu, zilikokuwa nyavu, mahali ambapo hakuna mtumbwi uliopita kutafuta. Sayi alichukua daftari, wakaenda.

Kichuguu walichokikuta huko kilikuwa kikubwa, na juu yake ulisimama mti mmoja wa mvungunya. Moto ulikuwa umekizunguka bila kukipanda. Aurelia aliona pembe za sheshe watatu, zimelaliana. Nyuma ya shina aliona katambuga ya tairi, kisha mifupa, na mkanda wenye kifungo cha shaba ambacho alikuwa amekishona mwenyewe. Alipiga magoti. Alikuwa hajapiga magoti mbele ya kitu chochote kwa miezi saba.

Sayi ndiye aliyetazama juu. Kwenye tawi, shati lilikuwa limefungwa kwa mikono yake kama bendera, fundo juu ya fundo, limepauka kwa jua. Juu ya gamba la mti palikuwa na mikato ya kisu, mmoja kando ya mwingine, kama ya kuhesabu siku. Aurelia aliihesabu. Ilikuwa kumi na moja.

Walikuwa wamemtafuta siku tisa.

Sayi alipanda, akalifungua shati taratibu, akalikunja, akampa. Kisha akaenda kumwita mwenyekiti wa kijiji na polisi.

Walimzika Mofu siku ya Alhamisi, na misa ikasomwa. Matanga yalipokaribia kuisha, Dorotea alimkalisha Aurelia mkekani, akamshika mkono.

"Mwanangu alikaa sana kule?"

"Hapana, mama," Aurelia alisema. "Hakukaa."

Dorotea alishusha pumzi, akalala mchana ule kwa mara ya kwanza tangu Februari. Watu walisema sasa na mkwe wake atapumzika. Viktor alimpa likizo ya wiki mbili, lakini Jumatatu Aurelia alikuwa mbugani kabla ya Sayi, daftari mkononi. Alipanda kichuguu, akashuka, akapanda kingine, akitazama matawi kwanza ndipo atazame chini.