Jaribio la Seva Mpya

Kwenye kile kituo cha data, mkuu wa chumba cha seva walimwita Bingwa, na jina likamkaa. Makabati yote ya seva aliyafunga kwa mikono yake, na feni ikianza kukohoa tu, alijua ni ya mashine ipi kabla hata hajageuka. Kwa hiyo Chiriku, fundi msichana ambaye Bingwa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, alipomwambia mkurugenzi kwamba prosesa, bongo za mashine zile, zimezeeka, kwamba seva moja yenye prosesa za kisasa ingebeba kazi ya kabati zima huku ikila umeme kidogo, Bingwa aliyapokea maneno hayo kama kofi.

Mkurugenzi, mama asiyependa maneno mengi, aliagiza seva moja ya majaribio. Ishindanishwe na kabati moja la zamani, akasema, tuone.

Kuifunga ilikuwa kazi ya Bingwa. Asubuhi ya jaribio aliingia kwenye mipangilio ya seva hiyo, akakuta mahali pa kuchagua: prosesa ifanye kazi kwa nguvu zote, au ibane umeme na kwenda polepole. Akachagua ibane umeme. Hajaharibu kitu, alijiambia. Ni mpangilio halali, watengenezaji wenyewe wameuweka. Lakini kabla ya kubonyeza alitupa jicho mlangoni.

Kikaoni, mbele ya mkurugenzi na wakuu wengine, seva mpya ilijikokota. Kabati la zamani lilimaliza hesabu za wateja, mpya bado inahema. Mkuu wa fedha akacheka, akauliza kama huyo ndiye farasi waliyeahidiwa. Chiriku, ambaye siku zote mdomo wake haupumziki, alibaki akipekuapekua karatasi zake mbele ya skrini. Bingwa akasema kwa upole kwamba vijana wasilaumiwe, wana haraka tu. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Mchana Chiriku alimfuata kwenye meza ya chakula na vikombe viwili vya chai.

"Mjomba, nisamehe," alisema. Hawakuwa na undugu wa damu. Alimwita hivyo tangu alipoanza kazi. "Nilienda kwa mkurugenzi bila kukuuliza. Nilijiona nimeshajua. Na bado umenitetea mbele za watu."

Bingwa alikisukuma kikombe kando. Angetukanwa, angejua la kujibu. Masikio yalimwaka, akaitazama mikono yake pale mezani kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akanong'ona kwamba hakuna neno, akainuka na kuacha chakula nusu.

Nyumbani mkewe alimuuliza mara mbili kama anaumwa. Akasema ni uchovu, akageukia ukutani.

Kesho yake alimwita Chiriku chumba cha seva, akafungua ile mipangilio na kumwonyesha kwa kidole. Msichana akasoma, akarudia kusoma. Feni zilikuwa zikivuma, na Bingwa alizishukuru kwa kelele zile.

"Nani kaweka hivi?"

"Mimi."

"Ulipitiwa?"

Alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea, na aliyemfungulia ni yule yule ambaye yeye alimkosea.

"Hapana," Bingwa alisema. "Nilikusudia."

Chiriku hakulia wala hakupaza sauti. "Mimi sikuaibikia humu ndani," alisema. "Niliaibikia kikaoni."

Basi Bingwa akaenda kuyasema kikaoni, akiwa amesimama. Akamwomba Chiriku radhi mbele ya wote. Mkuu wa fedha hakucheka. Alikuwa akichezea kalamu yake. Mkurugenzi aliuliza tu kama jaribio linaweza kurudiwa. Likarudiwa, seva ikiwa na nguvu zake zote, na hesabu zikaisha chai ya mkurugenzi ikiwa bado ya moto.

Hawakumfukuza, na hilo ndilo lililomlemea zaidi. Chiriku alikabidhiwa kazi ya kuhamishia kila kitu kwenye seva mpya, na Bingwa akawekwa chini yake, ayafungue makabati ya zamani na kuyaondoa. Msichana alimpangia kazi kama alivyowapangia wengine, kwa adabu, bila kisasi na bila utani. Hakuna aliyemwambia Bingwa ahame meza ya chakula. Lakini siku hizi, mchana ukifika, huchukua sahani yake akaenda kula nje, upande wa jenereta, mgongo ameupa mlango.