Aliyeshika Kamera

Jasmeet wa Southall alikwenda kwa miguu hadi Ncha ya Kusini akarudi, na shahidi wake ni mwenzake wa safari, Bwana Crispin, peke yake. Balaa ni kwamba kamera aliishika Jasmeet mwenyewe. Basi Crispin yumo katika kila picha: Crispin na bendera, Crispin na barafu ndevuni, Crispin akitazama mbali kwa mawazo mazito, kumbe anauliza chai iko wapi. Siku Crispin alipompiga picha Jasmeet, ilijaa kidole gumba chake, na pembeni buti moja.

“Bila picha, ukutani huingii,” Jennifer, msimamizi wa maonyesho ya safari hiyo, alimwambia Jasmeet. “Watu wanataka kuona.”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jasmeet akapanda treni hadi Walthamstow, kwa Hafidh, Mzanzibari mpiga picha za harusi. Jasmeet alizaliwa Nairobi, kwa hiyo Kiswahili hakikumpiga chenga. Hafidh alimvika koti la manyoya, akamnyunyizia sukari kwenye kope, akawasha feni. Jasmeet aliona haya kuigiza safari aliyoifanya kweli. Alijipa moyo kwamba shavu lake litamtolea ushahidi, maana baridi ya huko ilililamba likabaki na mabaka meusi.

Ila Hafidh alikuwa na mwiko wake: uso wa mtoto wa watu hautoki studio kwake na doa. Alikaa kwenye kompyuta akafuta mabaka, akalainisha midomo iliyopasuka, akaongeza wanja. Kisha akaituma picha moja kwa moja kwa Jennifer.

“Mzee Hafidh, umenifanya bibi harusi!” Jasmeet alilia alipoiona. “Yale mabaka yalikuwa frostbite, ndiyo proof yangu!”

“Mwanangu, nikutoe na madoa yale, mamako ayaone? Watu watasema nini?”

Jasmeet alikimbilia ofisini kwa Jennifer, akamkuta anacheka mbele ya picha.

“Huyu hata friji hajawahi kufungua,” alisema Jennifer.

“Basi nitazame mwenyewe!” Jasmeet alivua skafu, akamsogezea shavu hadi puani.

Jennifer alivaa miwani. Alilikagua shavu, akaugeukia ule uso laini wa pichani, akarudi tena shavuni. Dharau ikamtoka usoni.

“Aliyekupaka mabaka haya ni fundi,” alisema. “Nipe namba yake. Crispin hana hata kovu, na bango lake linachapishwa kesho.”